Uzi: Pikipiki ya zamani, kiki ishirini asubuhi ya Julai. Ni baridi au kuna kasoro?

#1 Kiki_Ishirini
Wadau, salamu. Chombo ni Yamaha DT175 ya 1976, bado ina pointi zake (swichi ndogo ya kutengeneza cheche), umeme wa volti 6 na kabureta ya Mikuni VM24. Hulala Kinoo chini ya paa la mabati, pembeni wazi. Mchana inawaka kwa kiki ya pili. Alfajiri hizi za Julai, nyuzi 10 au 11, ni kiki kumi na tano hadi ishirini, choki ikiwa imevutwa muda wote. Nikiitoa plagi baada ya kiki kumi, iko kavu. Pointi ziko milimita 0.35, plagi ni NGK B8ES mpya, na mgandamizo unasukuma kidole gumba vizuri.

Dai langu ni kwamba Nairobi hakuna baridi ya kuizuia petroli isiwake, kwa hiyo kuna kasoro. Mafundi watatu wamenipa majibu matatu: unyevu, petroli mbaya, na "ndivyo zilivyo za zamani". Hilo la tatu silikubali.

Swali la pili: baada ya maonyesho ya Septemba italala miezi minne. Ihifadhiwe vipi?

#2 Ukungu_wa_Limuru
Baridi usiidharau, mkuu. Petroli si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa vitu vyepesi na vizito. Kwa nyuzi 10 vile vyepesi tu ndivyo vinavyogeuka mvuke. Vingine vinabaki matone, vinashika kwenye kuta za njia ya hewa na za kifuko cha chini cha injini, wala havifiki kwenye plagi. Kwenye injini ya mipigo miwili hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mchanganyiko unapitia huko chini kwenye chuma baridi kabla ya kupanda juu.

Halafu tazama oili ya giaboksi. Hapa mjini kila duka litakuuzia 20W-50. DT inataka 10W-30. Asubuhi 20W-50 ni kama asali, inashikanisha sahani za klachi na kuifanya kiki iwe nzito na ya polepole. Badilisha hiyo kwanza, ni shughuli ya nusu saa.

Ukitaka kujaribu bila gharama, weka B7ES badala ya B8ES kwa wiki moja. Kwa NGK namba ikishuka plagi inakuwa ya moto zaidi. Ila usiende nayo mwendo mrefu wa kasi kwenye barabara ya Naivasha.

#3 Volti_Sita
Namuunga mkono #2 kwa jambo moja tu, mwendo wa kiki. Magneto ya volti 6 hutoa umeme kulingana na kasi ya gurudumu la sumaku. Kiki ikizunguka polepole, cheche ni hafifu. Mchana kiki ni nyepesi, cheche ni nono. Hii si habari ya petroli, ni habari ya umeme.

Fanya hivi kwa utaratibu:

Toa kofia ya plagi, ipime kwa mita. Zile za NGK zenye rezista huonyesha karibu kilo-ohm 5. Nimeona za zamani zikisoma 20 au zaidi, nyingine hazisomi kabisa. Ukiwa hapo, kata milimita 6 za mwisho za waya wa plagi upate shaba safi, kisha skurubu kofia upya.

Pointi: 0.35 ni sawa, lakini uso wake je? Chombo kikilala kwenye unyevu hufunikwa na utando usioonekana. Pitisha karatasi ngumu iliyoloweshwa spiriti katikati yake, vuta mara tatu nne mpaka itoke nyeupe. Msasa tumia tu kama kuna kilima na shimo, na uwe laini, namba 600. Ukimaliza pitisha karatasi tena, maana vumbi la msasa lenyewe huzuia umeme.

Kondensa: zima taa, tazama pointi zikifunguka. Cheche kubwa ya njano kati ya pointi ni kondensa mbovu. Kicheche kidogo cha samawati ni sawa.

Plagi irudishe kwenye mwanya wa milimita 0.5 hadi 0.6. Kwa magneto iliyochoka 0.7 ni kubwa mno.

#4 SpanaKumi
Nyote mmeiruka sentensi muhimu kuliko zote katika #1: PLAGI IKO KAVU. Cheche ingekuwa hafifu, baada ya kiki kumi na choki wazi plagi ingekuwa imelowa chapa. Kavu maana yake petroli haifiki. Na mchana, injini isipohitaji choki, inawaka. Basi mbaya ni choki yenyewe.

Kwenye Mikuni VM choki si kile kibati kinachoziba hewa. Ni kabureta ndogo ndani ya kabureta. Ukivuta, kipistoni kidogo kinapanda na kufungua njia yake ya pekee. Mvuto wa injini unanyonya petroli kutoka kisima kidogo kilichoko pembeni ya bakuli la floti. Kisima hicho kinajazwa kupitia jeti ya shaba iliyopigwa chini ya bakuli, tundu lake ni kama nusu milimita. Petroli ikikaukia humo inaacha gundi ya kahawia, tundu linaziba, kisima kinabaki kitupu. Hapo utavuta choki mpaka kesho na hutapata kitu.

Funga koki ya tangi. Legeza klampu, geuza kabureta ubavu. Fungua skurubu nne za bakuli kwa bisibisi inayokaa sawasawa, vichwa vyake huharibika haraka. Liinue bakuli juani utazame mwanga kupitia kile kitundu. Kama huoni mwanga, chukua uzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya laini wa umeme, upitishe taratibu. Usitumie waya wa chuma wala sindano, utapanua tundu na choki itakuwa tajiri kupita kiasi maisha yake yote. Nyunyizia dawa ya kabureta, puliza kwa hewa. Kisha tia petroli ndani ya bakuli ukitazama kisima: kinapaswa kujaa chenyewe ndani ya sekunde chache hadi kilingane na bakuli.

Kagua pia kijibomba cha shaba kinachoning'inia kutoka mwili wa kabureta na kuzama kwenye kisima. Kikiwa na ufa kwa juu kinanyonya hewa badala ya petroli. Na raba iliyo chini ya kipistoni cha choki: ikiwa ngumu kama kucha, haizibi, na tatizo linageuka, pikipiki inakunywa petroli mchana.

#5 Kiki_Ishirini
@SpanaKumi asante, hii sikuwahi kuisikia. Bakuli lilisafishwa Mei lakini sidhani kama fundi alilijua hilo tundu. Swali: ninapopiga kiki ninafungua resi kama robo hivi. Ni sawa?

#6 SpanaKumi
Hapana! Resi ifungwe kabisa. Choki ya namna hii inaishi kwa mvuto ulioko nyuma ya slaidi (kile kipande kinachopanda ndani ya kabureta ukifungua resi). Ukifungua robo, mvuto umekwisha, choki haivuti. Vuta choki hadi mwisho, piga kiki mbili za taratibu swichi ikiwa imezimwa ili petroli ipande, washa swichi, piga kiki moja ya nguvu na mkono wako usiguse resi. Ikishika, iache kwenye choki sekunde 20 hadi 30, kisha rudisha.

#7 Mzee_wa_Bullet
Vijana, #6 ni kweli kwa Mikuni VM. Asije mtu mwenye Honda akaifuata. Honda CG125 na CB za miaka hiyo zina kabureta ya Keihin yenye kibati cha kuziba hewa. Hapo mvuto upo mbele ya slaidi pia, kwa hiyo resi ikifunguliwa kidogo, moja ya nane hivi, inasaidia. Kibati kikifungwa na resi ikafungwa, ukipiga kiki sita unalowesha plagi.

Na wenye kabureta ya Amal Monobloc, iwe BSA, Triumph au Royal Enfield Bullet ya zamani, choki waliyo nayo ni kidole. Bonyeza kile kitufe cha floti mpaka petroli ianze kuchuruzika, uache hapo hapo. Kwenye baridi shikilia sekunde mbili zaidi. Kwa Bullet, tumia mkono wa kupunguza mgandamizo: sukuma kiki ukitazama sindano ya ampea. Ikirudi katikati, pointi zimefunguka. Vuta mkono huo, sogeza pistoni kidogo tu ipite kilele, uachie, rudisha kiki juu, kisha piga moja ya mwili mzima. Injini ya aina hii haitaki hasira.

Jambo jingine ambalo Waingereza waliliandika kwenye vitabu vyao na watu hawalifanyi: kabla ya kuwasha, shika mkono wa klachi na upige kiki mara tatu. Sahani zilizogandana na oili baridi zinaachana. Usipofanya, ukitia gia ya kwanza pikipiki inaruka kama mbuzi.

#8 Mafuta_Safi
Nitasema lisilosemwa: mafuta taa. Petroli iliyotiwa mafuta taa mchana huwaka vizuri, kwa sababu injini ina joto. Asubuhi ile sehemu ya mafuta taa haigeuki mvuke kabisa. Dalili ni hizo hizo za #1. Serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa lita moja ya mafuta taa mwaka 2018 lengo lilikuwa kuzuia uchakachuaji huu huu, na ulipungua. Lakini petroli ya kununuliwa kwenye chupa kando ya barabara hujui imetoka wapi.

Kipimo: karatasi nyeupe, tone moja kivulini, subiri dakika tano. Petroli safi inapotea bila alama. Ikibaki duara yenye mafuta, mwaga tangi.

#9 Volti_Sita
@Mafuta_Safi kipimo hicho ni sahihi kwa #1 kwa sababu DT ina pampu yake ya oili, tangi lina petroli tupu. Mwenye BSA Bantam au Vespa ya kuchanganya mwenyewe asikitumie. Oili ya 2T (ya mipigo miwili) itaacha doa na ataimwaga petroli nzuri.

Na kisayansi: petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwa nyuzi 40 chini ya sufuri. Nyuzi 10 si kitu. Bado nasema cheche.

#10 Ukungu_wa_Limuru
Nyuzi 40 chini ya sufuri ni kwenye kikombe kilichofunikwa, mvuke umekaa juu yake umetulia. Kwenye silinda inayopumua hewa baridi mara kadhaa kwa sekunde hakuna utulivu huo. Choki ilibuniwa kwa nini, kama baridi si kitu?

#11 Mita_1700
Ninyi mnazungumza kana kwamba tuko Mombasa. Nairobi ni karibu mita 1,700 juu ya bahari, Kinoo na Limuru ni juu zaidi. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Jeti iliyopangwa kiwandani kwa usawa wa bahari inatoa mchanganyiko tajiri kwa takriban asilimia 10. Ukiongeza choki juu ya utajiri huo, plagi inazama. Kwa pikipiki nyingi za hapa choki inahitaji kuvutwa nusu muda tu, na jeti kubwa ishushwe: palipo na namba 150, jaribu 140, kisha 135, ukisoma rangi ya plagi kila mara.

Pia mnaopima mgandamizo kwa geji, msishtuke. Injini inayosoma psi 150 pwani itasoma kama 122 hapa ikiwa na afya ile ile. Ringi nyingi zimebadilishwa bure mjini humu kwa sababu fundi alifuata namba ya kitabu. Hewa pungufu kwenye silinda maana yake pia mlipuko hafifu. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya asubuhi ngumu.

#12 SpanaKumi
@Mita_1700 hesabu yako nzuri na habari ya ringi niliisubiri miaka mtu aiseme wazi. Lakini ukitaka utajiri uwe chanzo, niambie plagi imekauka vipi. Rudi #1 usome polepole, mwalimu.

#13 Mita_1700
Nimesoma. Plagi kavu, sawa. Lakini kavu baada ya kiki kumi haimaanishi kavu baada ya kiki tatu. Akiwa anafungua resi robo, kama alivyosema #5, hewa ile inaikausha.

#14 Barafu_Kweli
Nawasoma kutoka Toronto, nyumbani ni Ngara. Nyuzi 10 huku ni siku ya kuvaa fulana. Niwape za baridi kweli kweli, kisha mchague zinazowafaa.

Kuanzia Novemba pikipiki ya zamani haiwashwi, inalazwa. Sababu ya kwanza si injini, ni chumvi inayomwagwa barabarani. Inakula kromu, spoki na alumini kwa msimu mmoja. Ya pili ni betri. Betri ya asidi iliyojaa haigandi hata kwa nyuzi 50 chini ya sufuri, lakini iliyoisha chaji inaganda kati ya nyuzi 7 na 10 chini ya sufuri, na kasha linapasuka. Kwa hiyo inatolewa, inaingia ndani ya nyumba. Ya tatu ni ethanoli. Petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli ikinywa maji karibu nusu asilimia, ethanoli na maji vinajitenga na kushuka chini ya tangi, pale pale koki inaponyonyea. Uingereza nako E10, yaani petroli hiyo ya asilimia 10, ndiyo ya kawaida tangu Septemba 2021, na wenye za zamani hutafuta ile ya daraja la juu yenye ethanoli kidogo.

Kampuni za mafuta huku huuza petroli ya majira ya baridi, yenye butani zaidi ili ipande mvuke haraka. Huko Nairobi hamna tofauti hiyo ya msimu, kwa hiyo mwezi wa baridi mnatumia petroli ya mwezi wa joto. Hilo linamsaidia @Ukungu_wa_Limuru kidogo.

Mbinu moja ya zamani inayofanya kazi popote: toa plagi, ipashe moto jikoni mpaka usiweze kuishika kwa mkono mtupu, irudishe kwa kitambaa, piga kiki. Jiko liwe mbali na pikipiki, chumba tofauti kabisa, hasa kama umefurika petroli. Maji ya kuchemka juu ya silinda usimwage, mapezi ya chuma cha kusubu hupasuka.

#15 Dada_Spoki
@Barafu_Kweli karibu nyumbani, ulete butani kwenye begi.

Kwa swali la pili la #1, la kuhifadhi, maana mmelisahau. Hapa adui si barafu, ni unyevu, panya na nyigu. Tangi la chuma lijae mpaka shingoni, pasiwe na hewa ya kutonesha maji ndani usiku. Kisha funga koki na umwage bakuli la kabureta kupitia skurubu ya chini, kabisa. Hiyo gundi ya #4 inatoka hapo. Toa plagi, tia mililita 5 za oili ya 2T kwenye tundu, piga kiki pole pole mara nne swichi ikiwa imezimwa, rudisha plagi. Acha pistoni ikiwa imefunika matundu ya ekzosi. Kwa injini ya mipigo minne, acha kwenye kilele cha mgandamizo ili valvu zote ziwe zimefungwa.

Ekzosi na mdomo wa boksi la filta ya hewa vizibwe kwa kitambaa chenye oili, na ufunge utepe mwekundu kwenye usukani wa kukumbusha. Nyigu wa udongo hujenga ndani ya ekzosi na kwenye bomba jembamba la kupumulia la tangi. Hilo la tangi likizibwa, pikipiki inazima kila baada ya kilomita mbili na mtu anabadilisha koili bure. Panya hupenda povu la kiti na ganda la waya. Usiweke gunia wala makaratasi karibu.

Funika kwa shuka la pamba. Turubai la nailoni linafungia jasho ndani na kromu inaota vipele. Tairi zipande juu ya mbao, si simiti mbichi, na upepo uongezwe kidogo.

#16 Ukungu_wa_Limuru
Dada, tangi kujaa kwa miezi minne? Petroli inachakaa, vyepesi vinapotea, na tangi zima linakuwa la kumwaga. Mimi ningelikausha kabisa, nitie mililita 100 za oili, nilizungushe pande zote mpaka ndani kuwe na utando, nifunge kifuniko.

#17 Dada_Spoki
Tangi likijaa na kifuniko kikiziba vizuri, miezi minne inavumilika. Ukirudi unachanganya nusu kwa nusu na mpya. Tangi tupu nalikubali kwa mwaka mzima au zaidi. Ila ile oili isipofika kwenye mshono wa juu, kutu inaanzia hapo, na kutu ya tangi ni kazi ya mnyororo, siki na wiki nzima. Kwenye Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari na pikipiki pale Ngong Racecourse, waamuzi hutazama usafi mpaka chini, tangi linalovuja kwenye mshono halikusaidii.

#18 Mwanagrogan
Na ile ya kuwasha kila Jumapili dakika tano? Watu wengi wanafanya.

#19 Mzee_wa_Bullet
Ni kuiua pole pole. Moto wa petroli unazaa maji. Dakika tano hazitoshi kuipasha oili mpaka maji hayo yapande na kutoka, yanabaki ndani yakichanganyika na masizi, yanakuwa asidi. Fungua kifuniko cha oili cha pikipiki ya namna hiyo, utaona ute mweupe kama maziwa. Ama uiendeshe kilomita 20 mpaka injini yote iwe ya moto, ama uiache kabisa.

Wenye Triumph na BSA zenye tangi la oili la pembeni: zikilala, oili inashuka kupitia pampu mpaka chini ya injini, inaweza kushuka karibu lita mbili. Ukipiga kiki ni nzito, na ikiwaka inatoa moshi wa kufunga mtaa. Kabla ya kuwasha fungua nati ya chini ya injini, oili itoke kwenye karai safi, ichuje, irudishe tangini. Ikishawaka fungua tangi utazame oili inarudi. Usipoiona ndani ya dakika moja, zima.

#20 Volti_Sita
Naongeza betri. Ya volti 6 ya saa-ampea 4 ichajiwe kwa ampea 0.4, si zaidi, mpaka isome kati ya 6.3 na 6.4 ikiwa imetulia saa kadhaa. Kila mwezi mara moja. Iongezwe maji yaliyokenekwa tu. Ile mashine kubwa ya kuchajia magari itaichemsha ndani ya saa moja na kupinda sahani zake.

#21 Sili_na_Ringi
Nimewaacha mseme. Kuna chanzo ambacho hakuna aliyekigusa: oilsili za kranki. Hiyo ni injini ya 1976. Raba ya zamani kwenye baridi inakuwa ngumu, haishiki shafti. Upande wa magneto ikivujisha, injini inanyonya hewa ya pembeni: plagi kavu, kiki nyingi. Ikipata joto raba inalainika, inaziba, inawaka kiki ya pili. Dalili zote za #1 zipo hapo.

Upande wa klachi ikivujisha, inanyonya oili ya giaboksi, moshi mweupe usiokwisha. Toa bati la magneto. Ukikuta unyevu wa oili nyeusi nyuma ya gurudumu, sili imekwisha.

Na ndimi za valvu ya kuingizia, pale nyuma ya kabureta. Ziinue kwenye mwanga. Ncha ikiwa imemeguka au kuna mwanya wa kuona mwanga, kwa kasi ya kiki mchanganyiko unarudi kwenye kabureta. Kwa kasi ya kuendesha huwezi kujua.

#22 Mwanagrogan
Sili za DT175 bado zinapatikana Kirinyaga Road, nenda na namba iliyoandikwa kwenye sili ya zamani, usiende na jina la pikipiki. Vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, cha nje, unene. Wenye Honda CG125 ya awali mna bahati kwa sababu pikipiki nyingi za Kichina za bodaboda zimetokana na injini hiyo, silinda ya milimita 56.5 kwa mwendo wa pistoni wa 49.5. Pistoni, gaskiti na sahani za klachi nyingi zinaingia. Umeme ndio hauingii: za bodaboda ni volti 12 na hazina pointi. Usikubali kuuziwa koili yake.

#23 Ukungu_wa_Limuru
Kwa mnaopita Limuru saa 12 asubuhi kwenye ukungu: kabureta huota barafu hata kwa nyuzi 8 au 10. Petroli ikigeuka mvuke inavuta joto, unyevu unaganda kwenye slaidi. Injini inakosa pumzi baada ya kilomita kadhaa. Unasimama kutafuta kosa, joto la injini linayeyusha, unakuta kila kitu sawa.

#24 SpanaKumi
Hiyo ni ya njiani, si ya kuwasha. Lakini ni kweli, na watu wengi hulaumu petroli.

#25 Kiki_Ishirini
Marejesho, wadau. Leo asubuhi nyuzi 11.

Jeti ya choki ndani ya bakuli: imeziba kabisa, sikuona mwanga. Nimeizibua kwa uzi wa shaba, kisima sasa kinajaa. Kofia ya plagi ilisoma kilo-ohm 14, nimeweka mpya. Karatasi ya #8: duara hafifu limebaki, sijui niliite doa au la, nimemwaga lita 6 na kujaza upya. Resi nimeiacha imefungwa. Imewaka kiki ya sita.

#26 SpanaKumi
Ishirini hadi sita. Jeti hiyo!

#27 Volti_Sita
Kofia ya kilo-ohm 14 je? Umebadilisha vitu vinne kwa asubuhi moja, hutajua kipi kimeponya. Rudisha kofia ya zamani kesho uhesabu kiki, kisha kesho kutwa weka mpya tena.

#28 Mafuta_Safi
Na petroli mpya hamuihesabu.

#29 Sili_na_Ringi
Sita bado ni nyingi kwa DT. Ikiwa nzima, choki ikifanya kazi, ni mbili au tatu. @Kiki_Ishirini, umetoa bati la magneto? Kuna unyevu nyuma yake au pakavu?